Istilahi za Uokaji: Uhakiki wa Tafsiri za Keki ya Jibini Jijini Mwanza

Katika kazi ya kusanifu istilahi, mara nyingi macho yetu huelekea kwenye majina ya vitu, na vitenzi tukaviacha vijitafutie njia. Twabishana kwa miezi juu ya jina la chombo, lakini tendo linalofanywa kwa chombo hicho hatulijadili hata kwa siku moja. Madhara ya mwenendo huu yaonekana wazi katika tafsiri za mapishi zinazopita mikononi mwa walimu wa sayansi kimu na wapishi wa nyumbani huko Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria.

Makala haya yanakusudia kuhakiki tafsiri za upishi mmoja tu, yaani keki ya jibini yenye vipande vya biskuti nyeusi za kakao zilizotiwa utamu mweupe katikati. Huenda msomaji akauliza kwa nini Baraza lishughulikie kitamutamu cha Wamarekani. Jibu letu ni kwamba keki hii haisamehe. Mchuzi uliokosewa hurekebishwa, lakini keki ya jibini iliyopasuka haiungiki tena. Vifaa vyake ni vya bei ghali, na mpishi aliyepotoshwa na neno moja hupoteza jibini, mayai na siagi kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo hapa ubora wa istilahi hupimwa papo hapo, wala hausubiri kikao.

Tuanze na jina. Wako wafasiri waandikao "keki ya chizi". Hakuna haja ya kueleza sana kwa nini jina hilo halifai, maana kila mkazi wa mjini anamjua chizi kuwa ni mtu aliyerukwa na akili. Neno jibini, lililotoka katika Kiarabu, limekaa katika lugha yetu siku nyingi, nalo latosha. Ila jibini ipi? Inayotakiwa hapa ni ile laini, nyeupe, isiyokomazwa, ambayo utengenezaji wake huhusishwa na William Lawrence wa Chester, katika jimbo la New York, mwaka 1872. Sheria za Marekani huitaka iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 33. Wafasiri wengine huiita "jibini laini", lakini laini ziko nyingi. Wengine, kwa kutaka kumsaidia mpishi wa Usukumani, huandika "mtindi uliochujwa". Nia yao ni njema, na kwa hakika mtindi uliochujwa kwa kitambaa hadi ukakauka waweza kutumika kama badala. Hata hivyo, badala si kisawe. Mafuta ya mtindi huo hayakaribii kiwango tulichokitaja, na keki yake huwa nyepesi na chachu zaidi. Mfasiri na aandike jina la kitu chenyewe, kisha, akipenda, ataje badala yake katika sentensi nyingine.

Sisi twapendekeza "jibini ya malai". Neno malai, lenye asili ya Kihindi, limezoeleka katika mapishi ya pwani. Hatukatai kwamba kwa asili malai ni utandu unaojikusanya juu ya maziwa yaliyochemshwa, wala si mafuta yaliyoenguliwa kwa mashine. Lakini mshindani wake, "krimu", amekwisha kutekwa na vipodozi. Atajapo mtu krimu katika maduka ya Mwanza, wengi hufikiria uso kabla ya kufikiria tumbo. Kupanua maana ya malai ni jambo jepesi kuliko kuirudisha krimu jikoni.

Ama kuhusu biskuti, tumekuta "kuki" na hata "vikeki". Hili la pili limetokana na elimu isiyo na manufaa: mfasiri amegundua kwamba neno la Wamarekani limetoka katika Kiholanzi, likiwa na maana ya keki ndogo, naye akaifasiri asili badala ya kukifasiri kitu. Biskuti hiyo nyeusi, ambayo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1912 kwa jina la Oreo, kwa mtoto wa Kirumba ni biskuti tu. Tusimpe jina jipya la kitu alichokwisha kukila.

Sasa tuingie kwenye vitenzi, ambako ndiko keki hupasukia. Tafsiri moja yaagiza: "Kunja vipande vya biskuti ndani ya mchanganyiko." Mwanafunzi anayejua kukunja nguo atabaki ameshika biskuti mkononi. Kinachokusudiwa ni kuchanganya taratibu kwa mwiko, ukipindua kutoka chini kuja juu, ili vipande visipondeke na hewa isizidi. Kitenzi "kupindua" chafaa kabisa, kwa kuwa chaonyesha mwendo wenyewe wa mkono.

Pili, tafsiri nyingi hutumia "piga" kwa kila jambo: piga jibini, piga mayai, piga vyote pamoja. Lakini Kiswahili kina kukoroga na kupekecha, na tofauti yao si ya mapambo. Anayepekecha huingiza hewa na kutoa povu. Anayekoroga huchanganya tu. Katika keki ya sponji povu latakiwa. Katika keki ya jibini povu ni adui, kwa sababu hewa hupanuka motoni, keki ikavimba, kisha ikapoa, ikanywea na kupasuka. Kwa hiyo jibini na sukari vikorogwe hadi vilainike, na mayai yatiwe mwishoni, moja baada ya jingine, yakikorogwa kwa kiasi cha kuchanganyika tu.

Tatu ni biskuti za kitako. "Saga biskuti" humpa mpishi unga, na "vunja biskuti" humpa mapande. Kinachotakiwa kiko katikati, nacho kina jina ambalo kila muuza mchele analijua: chenga. Ponda biskuti hadi ziwe chenga, changanya na siagi iliyoyeyushwa, kisha shindilia katika chombo. Sentensi hii haihitaji neno hata moja la kubuni.

Nne ni moto. "Weka katika tanuri," yasema tafsiri, hali kwa wengi wa kandokando ya Ziwa tanuri ni la matofali. "Joko" nalo huwapeleka wengine kwa mfinyanzi. Kwa chombo cha umeme au gesi, "oveni" imekwisha kuzoeleka, na hatuoni sababu ya kuifukuza. Lakini wapishi wengi huoka kwa mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga chini, chombo cha keki ndani yake, na makaa juu ya mfuniko. Kuweka makaa juu namna hii huitwa kupalia, tendo linalojulikana vizuri na mpika wali. Tafsiri tulizoziona hazikulitumia. Matokeo yake ni kwamba mwenye jiko la mkaa huyaona mapishi yote kuwa hayamhusu, ingawa lugha yake ina neno ambalo lugha ya asili ya mapishi hayo haina kwa ufupi kama huo.

Aidha, keki hii huokwa ikiwa imewekwa ndani ya chombo kipana chenye maji ya moto, ili joto liwe la upole. Pendekezo la "uokaji wa majini" tumelisikia, na twaliogopa, kwa kuwa linawaita majini wasiohusika. "Kuoka kwa sinia la maji" chatosha.

Tano ni vipimo. Kuandika "joto 325" bila kutaja kipimo ni hatari, maana hizo ni digrii za Farenhaiti, sawa na karibu 163 za Sentigredi, na oveni nyingi za nyumbani huishia 250. Wakia 8 za jibini ziandikwe gramu 227. Kikombe cha Wamarekani, chenye mililita 237 hivi, kisidhaniwe kuwa ndicho kikombe chochote cha chai.

Mwisho ni dalili ya kuiva. Tafsiri karibu zote zaagiza kuchoma kijiti hadi kitoke kikavu. Hiyo ni kanuni ya keki za unga. Keki ya jibini ikifikia hapo imekwisha kuharibika. Itolewe motoni pembeni ikiwa imeshika na katikati bado ikitikisika kidogo, kama mtindi uliogandia kibuyuni. Iachwe ipoe polepole, kisha ikae ndani ya friji usiku kucha. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Wako watakaosema kwamba lugha yetu haikuzaliwa kwa ajili ya mambo haya. Twawaelekeza Usukumani kwenyewe. Huko viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi huitwa michembe, na vilivyochemshwa kabla ya kuanikwa huitwa matobolwa. Kiazi ni kilekile, jua ni lilelile, lakini kwa kuwa tendo la kwanza ni tofauti, majina nayo ni mawili. Watu wenye umakini wa namna hiyo hawashindwi kutofautisha kukoroga na kupekecha. Wanaoshindwa ni wafasiri wanaofanya kazi na kamusi mezani bila kuuliza jikoni.

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo yajadiliwe: jibini ya malai; chenga za biskuti; kitako cha keki; kukoroga, kwa kuchanganya bila povu; kupekecha, kwa kutoa povu; kupindua, kwa kuchanganya taratibu kutoka chini; kupalia, kwa moto wa juu; kuoka kwa sinia la maji.

Haya ni maoni, si uamuzi. Walimu wa sayansi kimu na wafasiri waombwa watuletee maneno wanayoyatumia katika sehemu zao. Lakini kabla ya kutuandikia, wampe mpishi asiyeijua keki hii maelekezo yao, wanyamaze, na watazame mikono yake inafanya nini.