Bakhita Katika Mchezo wa Wanafunzi

Tumetazama mchezo wa wanafunzi juu ya Josephine Bakhita, mzaliwa wa Darfur katika Sudani, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2000. Twawasifu kwa bidii ya kuchunguza. Walieleza vema kwamba jina Bakhita, yaani mwenye bahati, alipewa na watekaji, naye akalisahau lile la wazazi wake. Makovu yake waliyaonyesha pasipo kutia chumvi.

Lakini kutoka minyororoni waliruka hadi utawani, wakaacha kiini cha habari. Mwaka 1889, mjini Venice, Bibi Michieli, aliyemhesabu kuwa mali yake, alitaka kumrudisha Afrika; Bakhita akakataa. Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba ikaamuliwa kwamba yu huru. Akabatizwa mwaka 1890, akaanza unovisi mwaka 1893.

Auachaye ukaidi ule humfanya mtakatifu kuwa mtu wa kuchukuliwa tu, leo na watekaji, kesho na masista. Uvumilivu wake ni kweli. Walakini hiari yake ndiyo iliyoufanya utawa wake kuwa sadaka. Walimu wenzetu, kabla ya kushona mavazi ya mchezo, na tuwaulize watoto: huyu alichagua nini?