Helmeti ya Kuazima: Usiangalie Chuma Peke Yake

Society for Creative Anachronism ilianzia Berkeley, California, mwaka 1966. Wanachama wake huvaa deraya na kupigana kwa mapanga ya henzerani, kwa mtindo wa Ulaya ya Enzi za Kati. Na wanapigana kweli, si maigizo. Ndiyo maana kanuni zinakutaka, hata kama umeingia jana, ukinge kichwa, shingo, figo, kinena, viwiko, magoti na mikono. Mapaja je? Hayamo. Hapo nawaunga mkono: msuli wa paja ukipigwa utavimba, utapona. Kiwiko kikivunjika, hiyo ni habari nyingine.

Ninapogombana nao ni kwenye helmeti. Chuma kisipungue milimita 1.6 hivi, sawa. Lakini sponji ya ndani, kima cha chini ni milimita 12.7 tu! Chuma kinalinda fuvu lisipasuke. Kinachoumiza ubongo ni kichwa kusukumwa ghafla. Kazi ya sponji ni kubonyea ili pigo litue polepole. Ikibonyea umbali mara mbili, nguvu ya wastani inayokifikia kichwa inapungua kwa nusu. Sasa sponji iliyolala kama godoro la hosteli haibonyei, hata rula ikisema unene unatosha.

Na mgeni ndiye anayeazima helmeti kuukuu, tena ndiye hajui kukinga pigo. Kwa hiyo kabla hujaivaa, ingiza kidole gumba ndani, bonyeza, achia. Isiporudi juu, omba nyingine.