Saraka ya Kijana wa Tongoni

Programu ya Java iliyoandikwa kwa adabu haitembei na anwani ya hifadhidata mfukoni. Inabeba jina tu, tuseme java:comp/env/jdbc/Zahanati, na kuliulizia kwenye saraka ya seva. Hata kijijini Tongoni ndivyo: mgeni haulizi namba ya nyumba, hutaja jina la mwenyeji, na wazee wa barazani wakamwelekeza.

Taabu huja wakati wa majaribio. Seva haipo, saraka haipo, Java inagoma kwa NoInitialContextException. Nilimtazama kijana mmoja wa hapa, nyumbani kwao jirani na magofu ya kale, akiimaliza taabu hiyo. Hakuwasha seva. Alijenga saraka ndogo katika kumbukumbu ya kompyuta, akaandikisha jina lile lile kwa herufi zile zile, nyuma yake akaweka hifadhidata ya H2 inayozaliwa na kufa na jaribio lenyewe. Yote hayo kabla programu haijaamka.

Kilichonikosha zaidi ni usafi wake. Kila jaribio likiisha, jina hufutwa. Lisipofutwa, jaribio linalofuata litarithi mabaki ya mwenzake; lifaulu kwa bahati, au lianguke bila kosa lake.

“Nani ataona?” nikamuuliza.

“Hakuna, mzee. Ila kesho litanisumbua mimi.”

Waliojenga makaburi ya nguzo kwenye magofu yale hatuwataji kwa majina. Na huyu pia hatatajwa.

Njia hii ya kuulizia majina kwenye saraka, JNDI, iliingia katika Java ya kawaida mwaka 2000. Kwa miaka mingi wanaotumia Spring, kiunzi cha programu za Java, waliiigiza kwa chombo chake, SimpleNamingContextBuilder, mpaka toleo la 5.2 la mwaka 2019 likakistaafisha chombo hicho. Desemba 2021 JNDI ikavuma kwa ubaya: maktaba ya Log4j ilikuwa ikiulizia jina lolote ililolishwa, hata likielekeza kwenye seva ya mwizi. Huenda vijana wengi wameijua kwa aibu hiyo tu.

Lakini si wote wenye subira ya kijana yule: siku hizi wengine hufanyia majaribio kwenye mfumo ulio hai, juu ya faili la mgonjwa wa kweli na ada ya mwanafunzi wa kweli. Eti ndiyo kasi. Mfumo ukianguka Jumatatu asubuhi, foleni ikafika getini, lawama hutupiwa mtandao.

Wewe unayepokea mifumo ofisini, kabla hujatia sahihi, chomoa waya wa mtandao wasiegemee mfumo ulio hai, kisha waambie waendeshe majaribio yao ya vipande mbele yako. Yakigoma, warudishie kazi yao.