Kigoda kando ya kitanda

Shangazi yangu alilazwa katika hospitali moja ya wilaya akiwa na kidonda cha kisukari kilichokwisha kula hadi mfupani. Daktari alishaamua mguu ukatwe chini ya goti. Wanawe wakashauriana nje, wakakubaliana, kisha mkubwa wao akaingia wodini na kunyoosha mkono: "Sista, lete hiyo fomu nisaini."

Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, hakumkaripia wala hakumpa fomu. "Utasaini, kaka, ila kama shahidi. Mguu ni wa mama."

Akavuta pazia. Akaleta kigoda, akaketi mpaka macho yake yakalingana na ya mgonjwa, faili amelipakata likiwa limefungwa. "Shikamoo, mama." Salamu zikaenda taratibu: usiku ulikuwaje, chai imeshuka? Kisha akauliza, "Mama, wewe umeambiwa nini kuhusu mguu huu?"

"Kuna kidole kitatolewa," shangazi akajibu.

Siku nne alikuwa wodini, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshamweleza. Swali moja, lililoulizwa kwa sauti ya chini, likafichua kwamba tulikuwa karibu kumpeleka chumba cha upasuaji mtu asiyejua atarudi vipi. Muuguzi akamweleza kweli yote kwa maneno ya nyumbani, akinyamaza kila machozi yalipokuja. Hakuyakimbilia kuyafuta. Mwishoni akamwomba: "Sasa nieleze mimi, kwa maneno yako." Shangazi akaeleza, kisha naye akauliza: je, akikataa?

"Hilo ni la daktari. Ngoja nimwite."

Daktari akaja na nguo za upasuaji, ana wagonjwa wengine wanaomsubiri. Muuguzi akamsogezea kigoda. Naye akaketi, akasema wazi kwamba kuoza kule kukipanda kunaweza kumuua, na kwamba upasuaji nao una hatari zake, akazitaja. Shangazi akafikiri hadi adhana ya adhuhuri ikaisha. Ndipo akatoa dole gumba. Alipokwisha kulibandika kwenye fomu, muuguzi akachukua pamba yenye spiriti akalifuta wino, polepole, mpaka likatakata.

Ridhaa kama ile aliyoitoa shangazi ina historia nzito. Mwaka 1947, huko Nuremberg, mahakama iliyowahukumu madaktari wa Kinazi kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa iliweka kanuni 10, na ya kwanza ni ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa jaribio. Hata hivyo, huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende waliendelea kufuatiliwa na watafiti bila kuelezwa ukweli wala kutibiwa hadi mwaka 1972, miaka mingi baada ya penisilini kujulikana kuwa inaiponya. Wanafunzi wa uuguzi na udaktari leo hufundishwa nguzo nne: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki. Kuzitaja kwenye mtihani ni kazi ya dakika moja. Kuzitenda wodini, ndugu wakiwa na haraka na daktari akisubiriwa, kunataka ustadi kama ule wa kuupata mshipa kwenye mkono uliokauka: jicho lililozoeshwa, mkono usiotetemeka, na miaka.

Ndiyo maana sikubali tunaposema "yule sista ana roho nzuri" tukaishia hapo. Roho nzuri anaweza kuwa nayo hata yule anayemficha mgonjwa ukweli kwa kumhurumia. Mama yule alijua aulize nini kwanza, anyamaze wapi, na swali gani halikuwa lake kulijibu. Huo ni ufundi, na ufundi hurithishwa kwa kuangaliwa ukitendeka.

Basi ninyi mnaowalea wauguzi na madaktari wapya, msiwaachie somo la maadili darasani peke yake. Wapelekeni wakasimame nyuma ya mafundi kama hawa. Na kila wodi iwe na kigoda.