Jina Libaki Zahanati, Tarakimu Ziende Kwenye Seva

Mjamzito wa kata ya Kiriba, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, taarifa zake huandikwa kwa kalamu kwenye rejesta ya MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), Kitabu namba 6: jina, umri, kijiji, mimba ya ngapi, wingi wa damu, majibu ya kaswende, majibu ya VVU, hata majibu ya mwenza wake. Mwisho wa mwezi mhudumu hupitia rejesta hiyo mstari kwa mstari na kujumlisha. Kinachopelekwa halmashauri ni idadi tupu: wangapi wamehudhuria, wangapi wamepimwa, wangapi wamekutwa na maambukizi. Idadi hizo huingizwa kwenye DHIS2, kanzidata ya takwimu za afya ambayo Tanzania ilikamilisha kuisambaza mikoa yote mwaka 2013. Utaratibu wa kuacha jina kituoni na kusafirisha idadi ulianza na MTUHA mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sababu yake ilikuwa uhaba: kompyuta zilikuwa chache, na hakuna ambaye angeweza kubeba rejesta nzima mpaka Dodoma au Dar es Salaam. Hata hivyo uhaba huo ulizaa usanifu ambao wataalamu wa kanzidata leo wanaufuata kwa makusudi, kwa kuwa unaleta kasi na unatunza siri kwa wakati mmoja. Sasa nchi inahamia kwenye mifumo inayomfuatilia mgonjwa mmoja mmoja, na usanifu huo tusipoubeba kwa kujua, tutapoteza vyote viwili.

Tuanze na kasi. DHIS2 imeandikwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo, na chini yake inaendesha PostgreSQL, kanzidata isiyo na ada ya leseni. Tarakimu ikiingizwa, inakaa kwenye jedwali moja liitwalo datavalue. Kila mstari unataja kitu kilichopimwa, kipindi, kituo, mchanganuo wa umri na jinsi, kisha thamani yenyewe, nayo huhifadhiwa kama maandishi ili jedwali hilo moja lipokee idadi, tarehe na jibu la ndiyo au hapana. Umbo hili ni rahisi kuandikia na gumu kusomea. Chukulia vituo 8,000, kila kimoja kikituma tarakimu 500 kwa mwezi: hiyo ni mistari milioni 48 kwa mwaka. Ofisa wa mkoa wa Mara akitaka kulinganisha Bunda, Butiama na Musoma kwa miaka mitatu, seva ingelazimika kupekua mamilioni ya mistari, kuunganisha majedwali kadhaa na kugeuza maandishi kuwa namba, na yote hayo yangeanza upya kila anapobonyeza kitufe.

Dawa iliyochaguliwa ni kutenganisha mahali pa kuandikia na mahali pa kusomea. Kwa kawaida usiku, watumiaji wakiwa wachache, mfumo hujenga majedwali mengine ya uchambuzi, kila mwaka na lake. Humo kila mstari tayari umebeba safu za taifa, mkoa, halmashauri na kituo, pamoja na mwezi, robo na mwaka, na faharasa zake zimeshatengenezwa. Kazi hufanyika kwenye majedwali ya muda, na yakikamilika hubadilishiwa majina yachukue nafasi ya yale ya jana. Asubuhi ofisa akiuliza, seva inasoma mahali pamoja tu. Ni sawa na dagaa anayeanikwa mwaloni kabla ya kupakiwa, akifika sokoni ni mwepesi na yuko tayari kuuzwa. Gharama yake ni kwamba tarakimu iliyoingizwa mchana huu haitaonekana kwenye grafu mpaka usiku upite. Kwa taarifa za kila mwezi, hilo halimuumizi mtu.

Faida ya pili inajitokeza hapo hapo. Chombo kinachoguswa na watu wengi zaidi, yaani wapangaji, wafadhili, watafiti na maofisa wa ngazi zote, ndicho kisicho na jina hata moja ndani yake. Mwizi wa nywila akiingia, atakuta idadi. Mlinzi bora wa taarifa nyeti ni kutokuwapo kwa taarifa yenyewe mahali ambapo haihitajiki, na kanuni hiyo hiyo ndiyo inayolifanya jedwali liwe dogo na jepesi. Wanaosema kwamba usalama na kasi huvutana kila mara wanazungumzia mfumo uliokwisha kukusanya kila kitu, ndipo ukatafuta kufuli.

Pingamizi la kwanza ni zito, na linatoka vijijini penyewe. Idadi haifichi mtu pale idadi hiyo inapokuwa moja. Kitaifa, wajawazito wenye umri chini ya miaka 20 waliokutwa na VVU ni kundi kubwa. Kwenye zahanati moja, mwezi mmoja, seli ya kundi hilo kwenye jedwali inaweza kusomeka 1. Katika vijiji kama Bwai Kwitururu cha kata hiyo ya Kiriba, ambako watu wanajua binti gani amebeba mimba, tarakimu hiyo inamtaja mtu karibu sawa na jina lake. Hatari hii inajulikana tangu mwaka 1997, mtafiti Latanya Sweeney alipochukua rekodi za hospitali za Massachusetts zilizoondolewa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura wa Cambridge, na kuipata rekodi ya gavana wa jimbo hilo, William Weld. Baadaye alionyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsi na namba ya posta vinatosha kumtambulisha mtu mmoja mmoja kwa asilimia 87 ya Wamarekani.

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilijibu tatizo hili kwa kuchanganya makosa madogo ya makusudi kwenye tarakimu zake. Njia hiyo haitufai hapa, kwa sababu mgonjwa mmoja wa kipindupindu mwambaoni, au kifo kimoja cha mzazi, ni taarifa inayotakiwa ifike kama ilivyo. Jibu linalofaa ni kupanga nani anaona seli ndogo. DHIS2 tayari inatenganisha vituo ambavyo mtumiaji anaviingizia takwimu na vituo ambavyo anaruhusiwa kuvisoma. Anayewajibika kuchukua hatua aione 1, na mtazamaji mwingine aone halmashauri nzima, au kwa kituo aone "chini ya 5". Kizuizi cha namna hii kinaweza kuwekwa kwenye majedwali ya uchambuzi wakati wa kuyajenga, hivyo seva haitumii nguvu ya ziada kila mtu anapouliza.

Pingamizi la pili linasema idadi haimtibu mgonjwa. Ni kweli kabisa. Mvuvi anayehama kutoka mwalo hadi mwalo kufuata dagaa anaweza kuanza dawa Musoma na kuhitaji kuendelea nazo Ukerewe, na mfumo wa idadi utamhesabu kama aliyepotea. Ndiyo maana kliniki za tiba na matunzo, CTC, zimekuwa na kanzidata ya mgonjwa mmoja mmoja kwa miaka mingi. Humo mgonjwa hutambuliwa kwa namba ya tarakimu 14: mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo na sita za kwake. Kwa upande wa kasi ni usanifu mzuri, kwani namba inajipanga yenyewe kwa eneo na vituo viwili haviwezi kutoa namba inayofanana hata bila kuwasiliana, jambo muhimu pale mtandao unapokatika. Kwa upande wa siri kuna dosari: umbo la namba linatangaza ugonjwa. Anayeiona kwenye kadi au kwenye ujumbe wa simu anajua ni namba ya kliniki gani, na ya wilaya gani. Hapa kasi na siri zinavutana kweli, na suluhisho ni kuwa na funguo mbili: namba ya kliniki itumike ndani ya kliniki, na mifumo inapozungumza ipeane namba ya kubahatisha isiyo na maana yoyote kwa msomaji. Jedwali linalounganisha funguo hizo likae peke yake, chini ya ruhusa za watu wachache.

Wapo wanaoogopa kwamba usimbaji fiche utazifanya seva za serikali zitambae. Kwa diski nzima hofu hiyo imepitwa na wakati, maana tangu mwaka 2010 prosesa za kawaida zimekuwa zikija na amri maalumu za kusimba, na tofauti ya mwendo ni ndogo. Ugumu uko kwenye kusimba safu moja moja. Safu iliyosimbwa vizuri haipangiki wala haitafutiki kwa faharasa ya kawaida. Lakini hakuna ripoti inayojumlisha majina au namba za simu, kwa hiyo safu hizo zinaweza kusimbwa bila kugusa uchambuzi wowote. Kinachobaki ni kumtafuta mgonjwa, na mbinu iliyozoeleka ni kuhifadhi alama ya siri inayotokana na jina, kisha kulinganisha alama kwa alama. Kwetu mbinu hiyo ina tundu. Magesa, Majura na Manyama ni majina ya watu wengi mwambaoni, tena karani mmoja akiandika herufi tofauti na mwenzake, alama inabadilika yote na mgonjwa anasajiliwa upya. Alama ya siri iwekwe kwenye namba ya simu au ya kitambulisho, na jina litumike kuthibitisha tu, baada ya rekodi kufunguliwa.

Wengine watasema sheria imekwisha kumaliza suala hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024, na taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Kabla yake, sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kulinda siri ya majibu ya VVU. Sheria hizi zinampa mwananchi haki ya kulalamika na zinamwajibisha mkusanyaji, nayo si kazi ndogo. Lakini sheria huanza kufanya kazi siri ikishavuja, na uchunguzi hutegemea kumbukumbu za mfumo. Nywila moja ikitumiwa na wahudumu watatu kwa sababu kituo kina kishikwambi kimoja, kumbukumbu zitamtaja mtu ambaye pengine siku hiyo alikuwa likizo. PostgreSQL tangu toleo la 9.5, la mwaka 2016, inaweza kumzuia mtumiaji asione mistari isiyo ya kituo chake hata kama programu iliyo juu yake ina kasoro. Kizuizi hicho nacho kinategemea kila mtu awe na akaunti yake.

Kwa hiyo halmashauri inayoandaa vigezo vya mfumo mpya isianze na ukubwa wa seva. Ianze na orodha ya safu, na kwa kila safu ijibu kwa maandishi: nani ataisoma, kwa kazi gani, na je, kazi hiyo haiwezekani kwa idadi tu? Safu isiyopata jibu iondolewe kabla ya zabuni kutangazwa. Zitakazobaki zigawanywe mafungu mawili: zinazomtambulisha mtu, ambazo husomwa mara chache na wachache, na zinazohesabika, ambazo husomwa kila siku na wengi. Mzabuni atakayeonyesha mafungu hayo yakikaa mbali mbali atakuwa ametatua sehemu kubwa ya tatizo la mwendo pia. Atakayeyachanganya kwenye jedwali moja, akaahidi kulifunga baadaye, ataiuzia halmashauri seva kubwa zaidi kila baada ya miaka michache.