Vina Vimetimia, Mwenye Neno Yuko Wapi?

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Alizaliwa Ujiji na kusoma Tabora, vituo viwili vikuu vya njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Hivyo kipimo ambacho sisi wa pwani tunakipenda mno kiliandikwa na mtu wa bara. Leo kipimo hicho kimepata mwanafunzi asiyetazamiwa: kompyuta.

Utungaji wa kubahatisha si mpya. Mwaka 1959 Theo Lutz, huko Stuttgart, aliiamuru kompyuta iunge sentensi kwa maneno ya riwaya ya Kafka, Das Schloss. Mwaka 1961 Raymond Queneau wa Ufaransa alichapa soneti 10 zilizokatwa mstari mmoja mmoja. Ukiichanganya mistari hiyo wapata tungo trilioni 100.

Nami nilijaribu kwa tarbia. Kwa kila mshororo niliandika kwapi 10 na tao 10, zote za mizani 8 na vina vinavyolingana, kisha programu ndogo ikawa inachagua kwa kura. Hesabu yake ni beti milioni 100. Maudhui yalikuwa safari ya mpagazi atokaye Tabora. Mashine ikatoa:

Ujiji bado ni mbali, maji yameniishia

Nikatulia. Nililiona jua la Unyamwezi na bega lililochubuka. Nikabonyeza tena:

Ujiji bado ni mbali, Ujiji nimefikia

Vina ni vilevile, mizani 16 imetimia, na mashine haikuona haya. Mshairi naye aweza kusema kuwa amefika na bado yu mbali. Lakini tukimuuliza atatueleza kwamba mwili umefika, roho imebaki Tabora. Akikosa jibu, malenga wenzake watamwandama kwa mashairi. Mashine haina wa kuandamwa. Hata kiu niliyoisikia katika mshororo wa kwanza ilikuwa yangu mwenyewe.

Programu za leo, zilizofunzwa kwa maandishi mengi mno, huenda zikaliepuka kosa la Ujiji. Suala la dhamana lingali palepale.

Lawama si ya mashine peke yake. Katika mabishano ya miaka ya 1970, wanamapokeo walipowapinga akina Euphrase Kezilahabi kwa kutunga bila vina, wengi walizoea kuhesabu mizani na kuridhika. Tukarithi mazoea hayo. Amri Abedi mwenyewe hakuishia kwenye hesabu. Alishikilia kuwa shairi sharti liimbike. Na wimbo hutaka pumzi ya mtu.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njiani, mizigo mabegani. Mzigo ulipimwa kabla ya safari, lakini kupima siko kubeba. Basi wahariri na wapenzi wa ushairi, tukiletewa utungo tusiishie kuuliza kama vina vimetimia. Tuulize pia: likijibiwa shairi hili, nani atasimama kulitetea?