"Usahihi" na "Uthabiti" wa Saa

Waandishi wa mafunzo ya kujiundia saa za elektroniki hutumia neno "usahihi" kwa mambo mawili. Fuwele ya saa hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa mbili mara 15, hupatikana pigo moja kila sekunde. Saa itanguliayo sekunde mbili kila siku, bila kubadilika, si sahihi, lakini ni thabiti: kapasita ya kurekebishia yatosha kuiponya. Ile ambayo mwendo wake hubadilika kwa joto la chumba haina uthabiti, na kuizungusha kapasita ni kazi bure. Fundi aliyeambiwa tu kwamba "usahihi umepungua" atajuaje kama ashike bisibisi au aihamishe saa? Twapendekeza "uthabiti" kwa maana hiyo ya pili. "Uimara", lipendwalo na wengine, lafaa zaidi kwa kasha.